Mwalimu wa Chamwino anauliza: Niwapeleke wapi wanafunzi wakaone kazi?

Swali: "Ninafundisha jiografia na Kiswahili katika sekondari ya kata wilayani Chamwino. Mwaka huu mkuu wa shule amenikabidhi malezi na unasihi. Nikawaambia kidato cha tatu waandike kwenye karatasi wanataka kuwa nani. Zaidi ya nusu wameandika daktari, mwanajeshi au mwanasheria. Mmoja ameandika 'tajiri'. Likizo ya Juni nataka niwatafutie mahali pa kazi, hata kwa wiki moja, wakaone. Shule haina fungu, kufika mjini ni nauli, na mzazi mmoja ameshaniambia nataka kuwatumikisha watoto wake. Nianzie wapi, na nianze na wangapi?"

Jibu:

Mwalimu, huyo aliyeandika "tajiri" usimcheke. Huenda ndiye pekee aliyesema kilichomo moyoni. Wenzake wameandika kazi walizoziona kwa mbali: msafara unaopita kwenda Ikulu ya Chamwino, vijana wa JKT wakikimbia mchakamchaka, daktari wa kwenye tamthilia. Kumwuliza mtoto anataka kuwa nani kabla hajaona kazi ni kama kumwuliza anataka kitoweo gani wakati hajawahi kufika gulioni. Atataja nyama, kwa sababu ndiyo anayoisikia.

Wazo lako la kuwapeleka wakaone ni zuri, na nitalijibu kwa kirefu. Ila nianze na jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu lina haraka kuliko yote. Umeanza na kidato cha tatu, na kwa jambo moja kubwa mmeshachelewa.

Kwa mtaala ambao darasa lako hilo limekuja nao, fizikia na kemia huwa masomo ya hiari kuanzia kidato cha tatu. Kwa hiyo mlango mkubwa wa kazi za sayansi haufungwi pale mtoto anapochagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, baada ya kidato cha nne. Unafungwa mwisho wa kidato cha pili, kimyakimya, siku mtoto anapoacha fizikia kwa sababu mwalimu wake ni mkali au kwa sababu rafiki yake ameiacha. Hakuna mzazi anayeitwa siku hiyo wala fomu inayotumwa nyumbani. Nimekutana na wasichana wengi waliosema "nesi" tangu darasa la tano, wakafika kidato cha nne bila fizikia, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaambia kwamba diploma ya uuguzi inadai kemia, baiolojia na fizikia. Mmoja wao nilimweleza mimi mwenyewe, mwezi Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa Taifa. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama anaweza kuisoma fizikia kwa wiki zilizobaki.

Fanya hivi mwezi huu, kabla hujaandika barua yoyote ya kuomba nafasi. Chukua orodha ya kidato cha tatu, andika nani anasoma fizikia na kemia na nani ameacha, kisha weka pembeni kazi aliyoiandika kwenye karatasi yako. Utaona madaktari wangapi hawana fizikia. Hao waite mmoja mmoja, tena mapema, maana anayerudi kwenye somo mwanzoni mwa kidato cha tatu bado ana muda. Halafu kaa na kidato cha pili wote, kipindi kimoja tu, uwaeleze kila somo wanalotaka kuliacha linaondoka na kazi zipi. Wadogo zao wanaoingia na mtaala mpya, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali (ufundi na kazi za mikono), wao uchaguzi unawakuta mapema zaidi. Mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe shule yenu inatoa mkondo gani.

Sasa kazi zenyewe.

Najua unawaza mjini: wizara za Mtumba, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Chuo Kikuu cha Dodoma, stesheni ya treni ya umeme. Nami niliwahi kuwaza hivyo. Miaka kadhaa nyuma niliomba nafasi kwa ajili ya wanafunzi kumi na wanane katika ofisi moja kubwa ya umma. Tukapata. Tukachanga nauli kwa shida, wazazi wengine waliuza kuku. Vijana wakakaa chumba cha mapokezi siku tatu, siku ya nne wakapewa mafaili ya kupanga kwa herufi, siku ya tano wakapigwa picha na mkubwa fulani. Nilipowauliza ile ofisi inafanya nini, waliweza kunieleza rangi ya viti. Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi: kwa mwanafunzi wa sekondari, kazi ndogo anayoiona mwanzo hadi mwisho ina faida kuliko ofisi kubwa anayoiona mlangoni. Mjini muwapeleke, lakini iwe ziara ya siku moja baadaye, wakiwa na maswali.

Wiki ya kazi iwe umbali wa kutembea kwa miguu. Hesabu kilichopo katika kata yako. Pana zahanati, ofisi ya mtendaji wa kata, afisa ugani wa kilimo na wa mifugo, duka la dawa muhimu, duka la pembejeo na dawa za mifugo, mashine ya kusaga, fundi wa kuchomea vyuma, fundi cherehani, wakala wa fedha za simu, mama lishe, gereji ya pikipiki, pengine na chama cha ushirika. Siku ya mnada ongeza karani wa ushuru na wanunuzi wa ng'ombe. Hizo ni sehemu zaidi ya kumi na hakuna iliyohitaji nauli.

Watu hudharau orodha kama hii kwa sababu wanaiona kila siku. Lakini chukua fundi wa kuchomea. Mteja anataka fremu ya geti yenye nguzo za mita 2.2. Bomba la mraba linauzwa urefu wa mita 6. Fundi akikata vipande viwili anabaki na mita 1.6, na faida yake yote imo kwenye hicho kipande: akikipatia kazi amepata, akikitupa kwenye chuma chakavu amemfanyia mteja kazi ya bure. Mwanafunzi anayelalamika kwamba hesabu hazina maana, mkalishe hapo siku mbili, na kalamu. Vilevile duka la dawa za mifugo: dawa ya minyoo hupimwa kwa uzito wa mnyama, na mfugaji hana mizani ya ng'ombe, kwa hiyo kuna kukadiria kwa utepe kifuani, kuna uwiano, kuna kusoma maandishi madogo kwenye chupa. Hiyo ni baiolojia, kemia na Kiingereza juu ya kaunta moja. Huko Mpwapwa kuna taasisi ya utafiti wa mifugo, na jina la mji huo limebebwa na aina ya ng'ombe waliozalishwa pale, na Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Mtoto aliyekaa wiki kwenye duka la dawa za mifugo ndiye atakayejua la kuuliza akifika huko.

Na zabibu zenyewe, kwa kuwa mko nazo hapo Chinangali. Wanafunzi wanaijua kazi ya kupalilia na kuchuma, wanaichukia, na wana sababu. Waonyeshe upande mwingine: mtu wa mabomba ya umwagiliaji wa matone, anayejua kupogolea, anayepima sukari ya tunda, anayetafuta soko kabla mzigo haujaoza. Zabibu zikishachumwa zinahesabu siku, na ndiyo maana mkulima asiye na mnunuzi hupokea bei yoyote atakayopewa. Humo mna kazi ambazo bado hazina watu wa kutosha, lakini haziandikwi kwenye karatasi ya "unataka kuwa nani" kwa sababu hazina jina moja fupi.

Baadhi ya sehemu zina masharti yake. Zahanati ni nzuri sana, ila mwanafunzi asiingie chumba cha daktari wala asishike daftari la wagonjwa. Kijiji ni kidogo, na hatakiwi kujua mama wa jirani amekuja kupima nini. Akae kwenye stoo ya dawa, mapokezi, kliniki ya kupima uzito wa watoto, na amwombe mtaalamu wa maabara amwonyeshe hadubini siku wagonjwa wakiwa wachache. Kwa fundi wa kuchomea, ule mwanga unaharibu macho. Mwanafunzi afuate vipimo, makadirio na manunuzi, na moto ukiwaka akae mbali. Mashine ya kusaga, asikaribie mkanda. Baa, vilabu vya pombe na nyumba za kulala wageni hapana, hata kama mwenye nayo ni mjumbe wa bodi ya shule.

Wasichana waende wawili wawili, siku zote. Usimwache msichana mmoja kwa mwanaume mmoja kwenye chumba kimoja, awe shemasi au awe nani. Pita mwenyewe mara moja katikati ya wiki bila kutoa taarifa. Wenye kazi wajue tangu mwanzo kwamba utapita.

Huyo mzazi anayesema unawatumikisha, usimwone adui. Ameuliza swali la kisheria bila kujua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake na isiyomzuia kuhudhuria shule. Kazi za migodini, viwandani na penye hatari haziruhusiwi mpaka atimize miaka 18. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za usiku. Mwite mzazi huyo, umweleze mpango wako unavyosimama: saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, siku tano, mtoto anaangalia na kuuliza, anasaidia vitu vyepesi, hachukui nafasi ya kibarua. Kipimo changu ni hiki. Kama mwenye duka angeweza kumpa likizo mfanyakazi wake kwa sababu wanafunzi wapo, hapo mmeshavuka mstari. Ukimaliza, mwombe huyohuyo mzazi awe kwenye kamati ndogo ya kukagua sehemu. Mzazi mwenye wasiwasi anakagua vizuri kuliko anayekuamini.

Barua ziwe mbili. Moja ya mkuu wa shule kwenda kwa mwenye sehemu, ipite kwa mtendaji wa kata ili serikali ya eneo ijue watoto wako wapi. Nyingine ya mzazi kukubali, yenye namba yake ya simu na saini, au dole gumba kama hajui kuandika. Barua ya mwenye sehemu iwe fupi. Watu hawa hawakatai kwa ubaya, wanakataa kwa kuogopa kwamba utawaletea ukaguzi wa leseni. Nenda kwa miguu, kaa, kunywa chai, eleza. Fundi mmoja aliyenikatalia mara mbili alikuja kuniambia baadaye kwamba maswali ya wale vijana ndiyo yaliyomfanya aanze kuandika mauzo yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kuhusu Juni, sina hakika na chaguo lako. Juni kwetu ni mavuno. Uwele na mtama vinangoja, alizeti inapigwa, na mtoto wa mkulima ana kazi nyumbani ambayo chakula cha mwaka kinaitegemea. Ukimtoa wiki hiyo, mzazi atakuwa na haki ya kununa. Kama kalenda yenu inaruhusu, tumia likizo fupi ya katikati ya muhula. Kama ni lazima iwe Juni, iwe wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Na chakula: mtoto aliyetoka nyumbani bila uji hatajifunza kitu saa tano. Hili mlimalize na kamati ya wazazi kabla, usimwachie mama lishe alee watoto wako kwa huruma.

Kitu kitakachofanya wiki hiyo iwe elimu ni daftari. Bila daftari watarudi na kusema "ilikuwa nzuri". Kila jioni aandike majibu ya maswali machache, na uyabadilishe upendavyo. Nani alifika wa kwanza na alifanya nini kabla mteja hajaja? Hesabu gani ilipigwa leo, na ilikosewa wapi? Ni kitu gani kilichosha? Mteja mgumu alitulizwaje? Halafu siku ya nne, wakishazoeana, yale mazito: wewe ulifikaje hapa, ulisoma wapi, nani alikulipia, mwezi mbaya unakula nini, na kama ungekuwa na umri wangu ungeacha kufanya nini? Hilo la mwisho ndilo linalofungua watu. Nimeona muuguzi akiongea dakika arobaini.

Usitegemee kila mtoto arudi ameipenda kazi aliyoiona. Aliyerudi anasema "hii siiwezi hata kidogo" amepata faida kubwa, ameokoa miaka na ada. Nilikuwa na msichana aliyetaka unesi. Zahanati ilimchosha, kelele za kliniki hakuzipenda, ila siku moja alionyeshwa damu kwenye hadubini na hakutaka kuondoka pale. Kumbe alikuwa mtu wa maabara. Hakuwa anajua kwamba hiyo ni kazi ya peke yake, yenye chuo chake. Kwa bahati alikuwa bado anasoma kemia.

Wakiwa wamerudi, ndipo uwaeleze njia, tena kwa kufuata walichokiona. Kidato cha nne hakina njia moja. Kuna kidato cha tano, ambako tahasusi zinabana: anayetaka udaktari wa binadamu anahitaji PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na CBG (kemia, baiolojia na jiografia) haitampeleka huko hata akipata alama za juu namna gani. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya nyingi, kwa hiyo zile herufi ulizozikariri wewe na mimi tulipokuwa shule hazitoshi tena. Kuna vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na mwongozo wao wa udahili unaonyesha kila kozi inataka masomo gani. Uchapishe kurasa za kozi za afya, kilimo, mifugo na ufundi, uzibandike ukutani. Mwenye diploma yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba digrii, kwa hiyo chuo cha kati si kichaka cha walioshindwa. Kuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, yenye ngazi tatu, ambayo hata humpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini. Hapo Mpwapwa kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Chisalu, na Kondoa kuna Munguri.

Wazazi wengi wakisikia divisheni ya nne wanalia msiba. Divisheni ya nne ni pointi 26 hadi 33, na ndani yake kuna watoto wenye D za kemia, baiolojia na fizikia ambao wana pa kwenda, na wengine wasio nazo ambao njia yao ni nyingine. Pointi za jumla hazikuambii hilo. Soma masomo, moja moja.

Jambo dogo ambalo si la unasihi lakini litakuangukia wewe: vyeti vya kuzaliwa. Kagua majina kwenye vyeti na majina yaliyosajiliwa shuleni kabla ya usajili wa mtihani wa Taifa. Mtoto ambaye cheti kinasema Mazengo na shule inasema Masengo atahangaika siku ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, na atakutafuta wewe.

Umeuliza uanze na wangapi. Kumi na wawili, sehemu sita, wawili wawili. Najua una darasa zima na kila mzazi atauliza kwa nini si wake. Piga kura hadharani, wasichana sita na wavulana sita, na usichague wanaoongoza darasani, kwa maana hao wana watu wengi wa kuwashauri. Huyo wa "tajiri" mwingize hata kama kura haikumpata, umpeleke kwa mnunuzi wa ng'ombe siku ya mnada au kwa karani wa mizani soko la nafaka la Kibaigwa, kama ana ndugu huko wa kumpokea. Awe wa kumi na tatu. Wakirudi, wape kipindi kizima wawasomee wenzao kutoka kwenye madaftari yao, wewe ukae dawati la nyuma. Kisha wagawie karatasi zilezile za mwanzo, na safari hii uwaulize: ni kazi gani ungependa kushinda nayo siku tano?